Sheria Haina Miguu

Liko neno moja ambalo nimelisikia mara nyingi tangu nilipotoka chuo cha ualimu, nalo husemwa na watu wenye heshima zao, katika mabaraza ya machifu, katika vyumba vya walimu, na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Neno lenyewe ni hili: "Katiba imekwisha wapa wanawake kila kitu, sasa wanataka nini tena?" Asemaye hivyo kwa kawaida hana hasira. Husema kwa upole, kama mtu aliyekwisha lipa deni lake, akashangaa kumwona mdai bado amesimama mlangoni. Nataka kumjibu mtu huyo, tena nataka kumjibu mbele ya vijana wasomao kitabu hiki, kwa kuwa baada ya miaka michache wao ndio watakaoketi katika mabaraza hayo na kusema lao.

Katiba ya Kenya iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 ni katiba njema, wala siitaji kwa dharau. Ibara ya 27 inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya jinsia yake. Ibara ya 45 yasema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa kuishi katika ndoa, na wakati ndoa inapovunjika. Ibara ya 60 yataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Katiba ya zamani ilikuwa ikikataza ubaguzi kwa mkono mmoja na kuuruhusu kwa mkono wa pili, kwani kifungu chake cha 82 kiliyaacha nje mambo ya ndoa, talaka, mazishi na urithi, yaani mambo yale yale ambamo mwanamke huumia zaidi. Basi tumesogea, na anayekana hayo hasemi kweli.

Lakini sheria haina miguu. Haipandi matatu jijini Nairobi ikashuka katika soko letu, ikauliza njia ya kwenda kwa mjane fulani aliyenyang'anywa shamba. Sheria hubebwa. Nami nasema kwamba katika nchi hii haki ya mwanamke imesimama mahali pale tu ambapo wanawake wa kijijini wenyewe wameibeba, wakiwa wengi, wakiwa wamepatana, wakijua tarehe ya kikao na mlango wa ofisi. Mahali ambapo hawakuibeba, ama imekufa ama imenyang'anywa. Anayetaka kupinga neno hili na asome kwanza habari zifuatazo.

Mwaka 1959, siku za ukoloni zikikaribia mwisho, ilitungwa sheria iliyomwezesha mwanamke asiyeolewa kumshitaki mwanamume aliyezaa naye, ili atoe fedha za kumlea mtoto. Jambo lenyewe halikuwa la ajabu: mtoto ana wazazi wawili, basi na wamlee wawili. Sheria hiyo ilidumu miaka kumi. Mwaka 1969 Bunge la Kenya huru liliifuta, na wakati huo Bunge halikuwa na mwanamke hata mmoja. Wabunge walisema ati inawapa wasichana njia ya kujitajirisha na kuharibu tabia zao. Viongozi wa vyama vya wanawake walilalamika, lakini malalamiko si kura, na kura hawakuwa nayo. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Grace Onyango alichaguliwa na watu wa Kisumu, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bungeni, ila alipofika sheria ilikuwa imekwisha kuzikwa. Ikapita miaka 41 mpaka Katiba ya 2010, katika ibara yake ya 53, ikatamka waziwazi kwamba mtoto ana haki ya kulelewa na mama na baba kwa pamoja, wawe wameoana au hawakuoana. Hesabuni wenyewe ni watoto wangapi walizaliwa, wakasoma au wakakosa kusoma, wakakua na kuwa na watoto wao, katika miaka hiyo 41. Kilichopewa wanawake bila nguvu yao kuwa nyuma yake kiliondolewa.

Habari ya pili ni ya Meru, nami nataka nikae hapo kidogo. Mwaka 1956 baraza la wazee liitwalo Njuri Ncheke, likiwa limesukumwa na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana katika wilaya ile. Nia ya amri ile yaweza kusifiwa. Lakini nani aliyeulizwa? Wazee waliulizwa, na maofisa waliulizwa. Akina mama, ambao jambo hili lilikuwa mikononi mwao tangu zamani, hawakuulizwa. Wala wasichana wenyewe hawakuulizwa. Ikawaje? Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani, wakakeketana wao kwa wao, na mama zao hawakuwazuia. Watu wakawaita Ngaitana, maana yake "nitajikeketa mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,000 walishitakiwa. Faini zililipwa, vifungo vilitumikiwa, na mila haikupungua. Amri iliyoteremka kutoka juu ilizidisha kile kile ilichotaka kukiondoa, kwa kuwa wale waliotakiwa kuitii waliiona ni ya wageni na ya wanaume.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1996, huko Gatunga katika nchi ya Tharaka, ambayo ni jirani ya Meru, jambo lile lile lilijaribiwa kwa njia nyingine. Safari hii lilianza na familia zenyewe, zikisaidiwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake. Akina mama walikaa wakajiuliza: katika mila hii ni nini tunachokipenda, na ni nini kinachotuumiza? Walichokipenda ni mafundisho, na kutengwa kwa siku chache pamoja na wakubwa, na ngoma, na zawadi, na heshima ya msichana kuonekana amekua. Wakavihifadhi vyote hivyo na kuuacha wembe. Waliliita jambo hili Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana wa kwanza hawakufika hata hamsini, na hapana shaka wako waliowacheka. Kisha likaenda kijiji kwa kijiji. Sheria ya mwaka 2001 ya watoto ikakataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, na sheria ya mwaka 2011 ikakataza ukeketaji kabisa. Nazo zilikuta mahali pengi watu waliokwisha kuyazungumza mambo hayo jikoni mwao. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 1998 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 waliokuwa na umri wa kuzaa, 38 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Kaskazini mashariki mwa nchi bado ni jambo la walio wengi, na huko kazi ingali mbichi. Lakini ukiyalinganisha mambo haya mawili, la 1956 na la 1996, utaona tofauti yake haikuwa katika ukali wa amri.

Sasa nirudi nyumbani kwetu, kwa sababu nisiposema lililonipata mtasema mwalimu huyu amesoma tu vitabuni.

Mwaka 2009 nilikuwa katika kidato cha tatu. Siku moja ya likizo mama yangu alitoka asubuhi kwenda kupalilia mahindi, akakuta watu wasiojulikana wakichimba mashimo ya nguzo katikati ya shamba. Alipowauliza, walimjibu kwa adabu kwamba nusu ekari ile imenunuliwa, na cheti kinatengenezwa. Bodi ya ardhi ilikuwa imekwisha kukaa na kutoa idhini, na mama yangu, aliyelima udongo ule miaka 19, hakuitwa. Aliweka jembe chini akarudi nyumbani kupika chai. Sisemi haya ili kumwaibisha baba yangu, ambaye sasa ni marehemu na ambaye nampenda. Wala sikatai kwamba karo yangu ya muhula ule ilitoka katika fedha zile. Hilo ndilo linalonifanya nisiweze kulisema jambo hili kwa wepesi. Lakini hata kama fedha zilitumika kwa mema, mtu mmoja aliuza jasho la watu wawili, na ofisi ya serikali ikapiga muhuri.

Mama yangu alikuwa, na mpaka leo yumo, katika kikundi cha wanawake 22. Kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa juma, na kila juma mmoja wao hupokea shilingi 4,400 kwa zamu yake. Anayechelewa hutozwa shilingi 20. Wana mwenyekiti, karani na mweka hazina, na daftari ambalo halijapotea hata mara moja, ijapokuwa maofisi makubwa hupoteza mafaili kila siku. Nataka wasomaji walitazame jambo hili vizuri. Wanawake hawa, ambao wengi wao hawakumaliza shule ya msingi, wanajua kuitisha mkutano, kuandika yaliyosemwa, kusimamia fedha, kumwonya mkosaji bila kumfukuza, na kumaliza ubishi kabla ya jua kuzama. Ujuzi huo ndio ujuzi wa siasa, nao umejaa katika kila kata ndogo ya nchi hii. Tumeuachia ukae bure, au tumeutumia vibaya.

Namna ulivyotumika vibaya naisema kwa uchungu. Mkubwa fulani akitarajiwa kuja, hutumwa neno kwa vikundi: njooni mumpokee. Nimewaona akina mama wamesimama kando ya barabara tangu saa tatu asubuhi, mkubwa akafika saa tisa alasiri. Waliimba, wakacheza, wakapewa leso moja moja, na shilingi mia mbili, na hotuba fupi ya kuwasifu kwamba wao ndio uti wa mgongo wa taifa. Wiki ile ile, katika ukumbi ulio mwendo wa nusu saa kutoka hapo, maofisa wa kaunti walisoma makadirio ya fedha za mwaka mzima mbele ya watu wasiozidi 30, na wanawake miongoni mwao walikuwa watatu. Tangazo la kikao lilikuwa limetolewa kwa Kiingereza, na siku iliyochaguliwa ilikuwa siku ya soko. Nani amtumie nani leso kwa hilo?

Watu hutuambia kwamba kuimba na kucheza ndiyo mila ya akina mama. Basi na tumkumbuke Mekatilili wa Menza, ambaye viongozi wetu hupenda kumtaja siku za sherehe. Mwaka 1913, Waingereza walipotaka kodi na vijana wa Kigiriama kwa kazi zao, mwanamke huyu mjane alitembea kijiji kwa kijiji akicheza ngoma ya kifudu, ambayo ni ngoma ya matanga. Watu walikusanyika kuitazama, naye akawaambia lililomleta, mpaka wakala kiapo katika Kaya Fungo. Alikamatwa akapelekwa Kisii, mbali na kwao, akatoroka na kurudi. Ngoma yake ilikuwa chombo chake mwenyewe. Hakuichezea gari la mtu.

Wala haya ya kuwafanya wanawake wa vikundi kuwa wapambe hayakuanza jana. Maendeleo ya Wanawake yenyewe, ambayo nimeisifu kwa kazi ya Tharaka, ilianzishwa mwaka 1952 chini ya mkono wa serikali ya kikoloni, ikafundisha kushona, kupika na usafi, mambo mema yote, ila hayakumtisha mtawala. Na mwaka 1987, wakati wa chama kimoja, iliunganishwa na KANU. Kikundi kikiisha kuwa mkia wa chama, huenda kule kichwa kiendako. Chama kile kile kimeweza kufanya kazi kubwa na kimeweza kuwa kimya; tofauti imetokana na nani aliyekuwa akikiamrisha wakati huo, wanachama wake wa kijijini au mtu mwingine.

Nitajibu sasa wale wasemao kwamba mambo haya yangemalizika kama wanawake wangekuwa wengi Bungeni, na kwamba hawawi wengi kwa kuwa "wanawake hawapendani". Nusu ya kwanza nakubaliana nayo. Ibara za 27 na 81 za Katiba zasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Mwezi wa Desemba mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kwamba jambo hilo litimizwe hatua kwa hatua, na sheria yake iwe imetungwa kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ikafika ikapita. Mwezi wa Februari mwaka 2019 mswada ulirudishwa tena Bungeni; zilihitajika kura 233, na waliohudhuria hawakufika idadi hiyo. Wengine hawakuthubutu kuupinga kwa sauti, basi waliupinga kwa viti vitupu. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutimiza wajibu huo. Bunge halikuvunjwa, na lile lililochaguliwa mwaka 2022 likaingia na upungufu ule ule. Mimi niwafundishao watoto kwamba sheria ni ya wote, naona haya kulieleza jambo hili darasani, maana mwanafunzi mwenye akili huuliza mara moja: Mwalimu, kama Bunge lenyewe halitii, mbona sisi tunaadhibiwa kwa kuchelewa?

Lakini kwa nini wabunge waliweza kubaki nje ya ukumbi bila hofu? Kwa kuwa walijua kwamba hakuna mtu wa jimboni mwao atakayewauliza. Makelele yalikuwa Nairobi, katika mahoteli na magazeti, nayo yalipigwa na wanawake mashujaa ambao siwavunjii heshima. Ila mbunge hamwogopi mtu asiyempigia kura. Laiti katika kila jimbo vikundi hamsini vingemwandikia barua moja moja na kumwalika aje ajieleze, si mbele ya wanawake waliovaa leso alizowapa, bali mbele ya daftari, mambo yangekuwa mengine.

Ama hilo la kutopendana, ni maneno ya mtu asiyeangalia. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 wanawake 16 tu walishinda viti vya majimbo kati ya viti 290, na hakuna hata mmoja aliyekuwa gavana. Mwaka 2017 walishinda majimbo 23 na ugavana wa kaunti tatu. Mwaka 2022 magavana wanawake walikuwa saba. Je, upendo uliongezeka ghafula kwa muda wa miaka tisa? La hasha. Watu walizoea kuona, na wanawake walijifunza kupita katika uteuzi wa vyama, ambako ndiko wengi wao hukwama, kwa kukosa fedha na kwa kutukanwa. Tena wanaume hushindana kila uchaguzi, hutukanana, na hata kupigana mawe, wala sijasikia mtu akisema kwamba wanaume hawapendani.

Nirudi kwa kikundi cha mama yangu, kwa sababu ndicho kilichonifunza, wala si chuo. Baada ya jambo la mwaka 2009 hawakumsema baba yangu vibaya mbele yetu. Walikaa kimya muda mrefu. Kisha, sheria ya mali ya ndoa ilipotungwa mwaka 2013, mmoja wao alileta habari zake kutoka mkutano wa kanisa, nao wakaniita niwasomee. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, nikajiona mtu mkubwa. Niliwasomea kwamba katika ndoa ya mke mmoja mali ya ndoa haiwezi kuuzwa bila idhini ya wote wawili. Mama mmoja akaniuliza, "Na bodi ya ardhi inakaa lini?" Sikujua. Nilijua sheria, sikujua siku. Ndipo wakamtuma mtu kuuliza, wakaandika siku hiyo katika daftari lao, na wakapatana hivi: mwenzetu yeyote akisikia kwamba shamba lao linauzwa kwa siri, wawili kati yetu watamsindikiza mpaka kwenye bodi, aseme kwa kinywa chake kwamba hakukubali.

Walifanya hivyo mara ya kwanza mwaka 2016. Sikuwapo, lakini nimesimuliwa na watatu walioenda, kila mmoja kwa namna yake, na wanapatana katika jambo moja: mwenye kesi alitetemeka hata akashindwa kusema, na wenzake hawakusema kwa niaba yake, walimngoja tu. Alipopata sauti alisema maneno machache kabisa. Wajumbe wa bodi wakatazamana, na idhini haikutolewa. Ardhi ya kilimo katika maeneo ya namna hiyo ikikosa idhini ya bodi, mauzo ni bure. Mume alikasirika kwa miezi miwili. Hivi leo wanakaa pamoja, na shamba lipo.

Liko jambo jingine kuhusu sheria hiyo ambalo vijana wafaa walijue, kwani ni rahisi kudanganyika. Wengi hudhani kwamba ndoa ikivunjika mali hukatwa nusu kwa nusu. Sivyo. Sheria ya 2013 yagawa mali kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja, ingawa yahesabu pia kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango. Na mwezi wa Januari mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba usawa katika ndoa si kugawiwa nusu moja kwa moja, bali kila mtu athibitishe alichochangia. Waweza kuipenda hukumu hiyo au kuichukia. Mimi naona inamtwika mzigo mzito mama ambaye hakuna mtu aliyempa stakabadhi kwa kuchota maji. Lakini maadamu ndivyo ilivyo, akina mama wa kikundi chetu waliamua kuandika. Mabati yaliyonunuliwa kwa fedha za zamu, ng'ombe, ada ya shule, vyote vimeandikwa kwa tarehe katika daftari la kikundi, na wenzake wote 21 ni mashahidi. Hapana wakili aliyewafundisha hilo.

Najua wako wavulana watakaosoma haya na kudhani wanashitakiwa. Nami nawauliza: yule mtoto wa 1969 aliyekosa karo kwa kuwa baba yake alikataa kumlea, je, alikuwa msichana peke yake? Shamba likiuzwa kwa siri, ni nani anayekosa pa kujenga? Sheria ya mwaka 2017 inayoitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo haikumnyang'anya mvulana kalamu yake. Tena, wavulana, ninyi ndio mtakaokuwa wajumbe wa bodi. Siku atakapoingia mama mmoja akitetemeka, mtamngoja aseme, au mtatazama saa?

Tangu mwaka juzi kikundi kimeanza kwenda katika vikao vya bajeti. Kaunti hutakiwa kupeleka makadirio yake kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na Katiba yalitaka bunge hilo lisikilize maoni ya wananchi. Basi mwezi wa Machi na Aprili si wakati wa kulala. Mwaka wa kwanza walichanga nauli wakawatuma watu wanne. Waliomba jambo moja tu, chumba cha kuzalia katika zahanati yetu, kwa kuwa wenzao wawili walikuwa wamejifungulia njiani. Ofisa mmoja aliwaambia kwamba ombi lao ni zuri ila limechelewa. Mwakilishi wadi akawaahidi. Wakamwomba atie sahihi ahadi yake katika daftari, akacheka, wakamngoja amalize kucheka, akatia sahihi.

Chumba kimejengwa. Kina vitanda viwili na dirisha linalofungika. Muuguzi wa usiku hajaletwa, na mlango hufungwa saa kumi na moja jioni, kana kwamba watoto huzaliwa saa za kazi. Juma lililopita mama yangu aliniita nimsaidie kuandika karatasi ya kupeleka katika kikao cha mwaka huu. Nilianza kama nilivyofundishwa, "Tunaomba kwa unyenyekevu." Alinisimamisha, akaniambia nilifute neno hilo, niandike, "Tunauliza muuguzi yuko wapi," na chini yake niandike majina yote 22.